Kumalizia fremu ya dirisha ya mbao za jahazi: toa chumvi kwanza

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Dar. "Shikamoo mjomba. Ile fremu niliyonunua huko Bagamoyo inatoa jasho." Alikuwa ameshaipaka vanishi mwenyewe mara mbili, kaitia kioo, kaitundika sebuleni. Nilijua ugonjwa wake kabla hajamaliza kueleza, maana ulishanipata mimi pia. Jumamosi akaja nayo, tukaifumua barazani. Haya ndiyo tuliyofanya.

Nazungumzia fremu ya pambo, ile ya kutilia kioo cha kujitazamia au picha, iliyoundwa kwa mbao za jahazi lililovunjwa. Dirisha lililong'olewa kwenye nyumba za Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo silinunui, na usiniletee. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataja milango na fremu za milango zilizochongwa kabla ya 1940. Ukipata dirisha kongwe, kaulize ofisi ya Mambo ya Kale kabla ya kuligusa. Mbao za jahazi zinatosha kwa uzuri. Zina matundu ya misumari yenye weusi pembeni, na alama za tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao, ambazo mashine haiwezi kukutengenezea.

Hatua ya 1: Fumua

Toa kioo, ng'oa misumari, gonga viungo vifunguke. Andika namba kwa penseli nyuma ya kila kipande. Pamba ya kalafati (ya kuzibia nyufa za jahazi) iliyobaki kwenye nyufa ichokonoe kwa ncha ya kisu. Msumari uliokatikia ndani usiuache. Utakuja kutoa kutu juu ya kazi nzuri.

Hatua ya 2: Rangi

Mabaki ya bluu na kijani yanapendeza, yaache yaliyoshika. Yanayobanduka yalowanishe, kisha kwangua kwa patasi butu. Usipige msasa mkavu hapa: rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Vaa barakoa, watoto wakae mbali, na makapi yakusanye yote.

Hatua ya 3: Toa chumvi

Hapa ndipo nilipoliwa wiki sita. Fremu yangu ya kwanza niliipiga msasa ikang'aa, nikaipaka vanishi, mteja akafurahi. Masika ilipoanza akanirudishia: vanishi imeota malengelenge, ukilitumbua moja ndani kuna unga mweupe. Nikakwangua, nikapaka upya. Yakarudi. Nikaenda kumlaumu muuza vanishi bure. Siku hiyo alikuwa akipita mzee mmoja, fundi wa majahazi kule ufukweni karibu na soko la samaki. Akalowanisha kidole gumba, akasugua pale palipobanduka, akaniambia, "Onja." Ilikuwa kama nimelamba dagaa.

Ubao uliokaa baharini miaka na miaka umejaa chumvi hadi ndani. Unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, chumvi huanza kuvuta maji, na kwetu pwani usiku kufika hapo si ajabu. Kwa hiyo ubao unalowa na kukauka kila siku chini ya vanishi, na vanishi haina pa kukimbilia. (Kuonja usikuige kama ubao una rangi ya zamani. Nitakupa kipimo kingine.)

Panga matofali yawe bwawa dogo, tandika turubai, laza vipande, weka mawe juu visielee. Jaza maji. Kila siku mwaga yote, jaza mengine. Kwa ubao wa unene wa inchi moja mimi hufanya siku saba. Wa inchi mbili nazidisha mara mbili, wala sioni haya kuongeza. Kubadilisha maji ndiyo kazi yenyewe. Ukiyaacha yale yale wiki nzima umetengeneza supu tu.

Maji gani? Hapa wengi hukosea. Visima vingi vya karibu na ufuko vina maji ya chumvichumvi, na mpwa wangu alikuwa ameshateka ndoo mbili kisimani kabla sijamzuia. Tumia ya bomba au ya mvua.

Kipimo: siku ya mwisho chota kijiko kimoja cha maji ya bwawani na kimoja cha maji safi uliyojazia. Vimimine mbalimbali juu ya kikaangio cheusi, anika juani. Vikikauka, linganisha duara jeupe lililobaki. Siku ya kwanza cha bwawani kitaacha ukoko. Vikikaribia kufanana, inatosha. Chumvi haitoki yote. Unataka ipungue isikusumbue.

Kisha kausha, kivulini. Jua litapasua ubao uliolowa, hasa kwenye ncha, hivyo zipake nta kwanza. Pachika vijiti kati ya kipande na kipande upepo upite. Wiki tatu, nne, na masika zaidi. Usiamini mkono wako. Peleka kipande kimoja kwa muuza mchele, kipime kwenye mizani yake kila wiki. Uzito ukigoma kushuka kwa wiki mbili, kimekauka. Wa kwetu alitucheka mara ya kwanza, mara ya tatu alikuwa anatuuliza mwenyewe, "Leo mgonjwa ana kilo ngapi?"

Hatua ya 4: Msasa

Namba 120, kwa mkono, kufuata nyuzi za ubao. Basi. Grainda weka mbali, itakula alama za tezo. Ukishika mvule, barakoa tena. Vumbi lake huwasha pua na macho.

Hatua ya 5: Unganisha

Gundi na skrubu za shaba. Za chuma hapana.

Hatua ya 6: Mafuta, si vanishi

Vanishi kwenye mbao hizi siirudii. Hata zikioshwa, ikianza kubanduka unakwangua yote; mafuta unaongeza tu. Natumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale yanayouzwa kwa jina la "boiled linseed oil"; usichemshe mwenyewe. Mara ya kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini, paka, subiri dakika 20, halafu futa yote yaliyobaki juu. Yote. Ukiacha yang'ae yatanata kama ulimbo na kila mbu wa Bagamoyo atabandika hapo. Kesho yake rudia bila tapentaini, na kesho kutwa tena.

Matambara uliyofutia usiyafinyange na kuyatupa pembeni. Mafuta haya yakikauka hutoa joto, na rundo la matambara huweza kujiwasha moto lenyewe. Yatandaze nje moja moja, au yatie kwenye ndoo ya maji.

Mafuta ya nazi? Hapana. Hayakauki, yatachacha na kuita sisimizi. Mpwa wangu akauliza kuhusu sifa, yaani mafuta ya papa, mbona majahazi yanapakwa. Ni kweli, na jahazi linakaa nje. Sebule yako ikinuka mafuta ya papa utahama wewe.

Wiki moja baadaye, nta ya nyuki kidogo kwa kitambaa laini.

Hatua ya 7: Tundika

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji kutoka ardhini, na hata wa tofali la saruji hutoa unyevu. Usibandike fremu ikagusa ukuta. Kata kandambili iliyochoka vipande vinne vya unene sawa, gundisha kimoja kila pembe kwa nyuma, hewa ipite.