Bahari utaiona Jumamosi: kumtafutia mwanao chuo Dar es Salaam

Ikifika Juni, simu za ndugu wa ughaibuni huanza. Mtoto amemaliza shule Leicester au Minneapolis, Kiswahili anakielewa lakini anajibu kwa Kiingereza, na wazazi wanataka aje asome nyumbani. Sharti lao ni moja: mji uwe umechangamka, na uwe na bahari. Hapo mashindano yanabaki kati ya Mombasa, Unguja na Dar. Mimi ni mtu wa Dar, kwa hiyo sitajifanya hakimu. Nitasema tu kwamba Unguja kijana wa miaka 19 aliyezoea makelele ataanza kuhesabu siku, na kwamba kwa wingi wa vyuo na kozi sisi hatuna wa kutusogelea hapa pwani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani. Upweke si shida yetu.

Shida ni hilo neno bahari. Mtoto wa dada yangu alipokuja, wazazi wake walikuwa wameshampangia chumba Mbezi Beach. Mtu akisikia “Beach” akiwa kwenye baridi kali, anafikiria mnazi na dafu. Chuo chake kilikuwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akawa anaamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi kipindi cha saa moja, anashika daladala ya Mwenge, anasimama kwenye foleni akiwa ameinamisha shingo chini ya paa la Hiace, Mwenge anapanda nyingine ya chuo. Jioni ni yale yale. Katika miezi mitatu alikwenda ufukweni mara nne. Nilimhesabia.

Kwa hiyo anza na chuo, kisha mahali pa kulala, bahari ije mwisho. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko kilomita 13 hivi kutoka katikati ya mji, tena mlimani kweli, si kwa jina tu. Kilianza 1961 mtaa wa Lumumba na wanafunzi wachache wa sheria, chini ya Chuo Kikuu cha London, kikawa chuo kikuu kamili 1970. Museveni wa Uganda alisoma pale, John Garang wa Sudan Kusini alipita pale. Lakini bahari hakina: hata Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo hicho haiko Dar, iko Unguja. Anayetaka upepo wa chumvi kila siku atazame vyuo vya mjini. IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, iko mtaa wa Shaaban Robert, na ukitoka getini bahari unaifikia kwa miguu. Chuo cha afya cha Muhimbili kiko Upanga, si mbali. Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kiko Kigamboni, ng’ambo ya maji, na ukitokea Posta, katikati ya mji, utavuka kwa pantoni. Ila asisome uhasibu kwa sababu ya mawimbi.

Kuna jambo huwashtua wazazi: darasani chuo kikuu ni Kiingereza. Waliomleta mtoto ajifunze Kiswahili hudhani atakikuta ubaoni. Kama Kiswahili ndiyo kozi yenyewe, TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya hapo Mlimani, ndiyo mahali pake. Vinginevyo atakipata kwa mama ntilie, kwa kinyozi, na kwa bibi jirani atakayemuuliza mbona hajaamkia. Mfundisheni shikamoo kabla hajapanda ndege. Nyingine tutamalizia huku.

Kwa mwanafunzi wa Mlimani, kama hakupata hosteli, mimi humpeleka Sinza, Changanyikeni au Survey. Sinza ina chakula usiku kucha na haiko mbali na kituo cha Shekilango, kwa hiyo akitaka kwenda Posta anachukua basi la mwendokasi hadi Kivukoni. Masika, kati ya Machi na Mei, bonde la Jangwani, lililo kwenye njia hiyo, hufurika na mwendokasi hukatishwa. Siku hizo abaki chuoni.

Chumba atakipata kwa dalali, na dalali ana ada ya kuonesha nyumba hata usipoipenda, kisha anadai kodi ya mwezi mmoja ukiichukua. Mwenye nyumba naye hutaka miezi sita, wengine mwaka mzima, kwa mkupuo. Msitume hela kwa picha. Tumeni ndugu aende, na aulize: mita ya LUKU, ya umeme, ni yake au ya kuchangia? Ya kuchangia ni ugomvi wa kila wiki, kwa sababu kuna mpangaji wa chumba cha pili mwenye friji na kumbukumbu mbovu. Maji yanatoka bombani au ni ya kusubiri boza? Dirisha linaelekea wapi? Hilo la mwisho watu hulicheka hadi ifike Januari na joto lake.

Makaratasi yaanze mapema, maana mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba. Vyeti vya sekondari vya nje hupelekwa NECTA, Baraza la Mitihani, vilinganishwe. Mwenye pasipoti ya kigeni huhitaji kibali cha ukaazi daraja C, na asije kama mtalii akidhani atabadilisha mambo akishaingia darasani. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo hata kama mama yake ni wa Tandika, kijana mwenye pasipoti ya Uingereza ni mgeni mbele ya dawati. Ada ya raia na ya mgeni nazo hazilingani. Ulizeni chuo chenyewe, wajibu kwa maandishi.

Mtoto wa dada yangu sasa anakaa Sinza. Wiki ya kwanza ya daladala alimwambia konda, “Samahani, naomba kushuka kituo kinachofuata,” gari zima likageuka kumtazama. Siku hizi anapaza “Shusha!” akiwa bado anachati. Jumamosi jioni anatupigia tukutane ufukwe wa Coco. Tunakaa kwenye ukuta, maji yakiwa yamejaa, muuza mihogo anachana mhogo wa kukaanga na kuumwagia chachandu, na yeye ndiye anayemwambia, “Kaka, ongeza pilipili, usinionee huruma.”