Sandwichi za tango kwa chai ya alasiri bila mkate kulowa

Ukiishi Uingereza, mwaliko wa chai ya alasiri utakufikia tu. Kazini mtu anastaafu, shule ya mtoto inachangisha fedha, majirani wamefunga barabara kwa sherehe, na kila mmoja anaombwa alete kitu. Sandwichi za tango huonekana ndiyo kazi nyepesi kuliko zote: mkate, siagi, tango, basi. Kumbe huharibika upesi kuliko keki yoyote. Tango karibu asilimia 95 ni maji, na mkate mweupe hunyonya kama sifongo. Karibu kila hatua hapa chini, kuanzia chumvi hadi kisu, ipo ili maji hayo yasiufikie mkate kabla ya mgeni.

Ijulikane kwanza ni chakula cha namna gani. Desturi yenyewe ilienea kwenye nyumba za matajiri kuanzia miaka ya 1840, na Waingereza humtaja Anna, Duchess wa Bedford, kuwa ndiye aliyeianzisha. Chakula cha usiku kilikuwa kimesogea hadi saa mbili, hivyo chai na kitu chepesi mnamo saa kumi vilimshikilia mtu tumbo. Ndiyo maana vipande hivi huitwa vidole na ukubwa wake ni huohuo. Mtu mzima hupewa vinne hivi, halafu skoni, halafu keki. Mgeni wa kwetu aliyekuja na njaa atavimaliza akiwa bado anauliza chakula kiko wapi, kwa hiyo mwambie mapema.

Kwa watu sita unahitaji vidole 24, yaani sandwichi nane, yaani slesi 16. Mkate mmoja wa gramu 800 wenye slesi za unene wa kati, mfuko wake umeandikwa "medium", una slesi kama 20 pamoja na vile vipande vya mwanzo na mwisho ambavyo hutavitumia. Ukipata mwembamba zaidi, chukua huo. Tango moja refu la Uingereza, lile linalouzwa limebanwa ndani ya plastiki, lina gramu 300 hadi 350 na linatosha. Siagi isiyo na chumvi, gramu 120. Chumvi laini nusu kijiko cha chai, siki nyeupe kijiko kimoja cha chai ukipenda, na pilipili manga nyeupe. Ile nyeusi haina ubaya wowote, ila huacha madoa ambayo wenyeji wa kizazi cha zamani hawayapendi.

Aliye Marekani atafute tango hilohilo la plastiki. Yale mengine ya kawaida huko hupakwa nta na yana mbegu kubwa. Ukiyatumia, menya, pasua kwa urefu na ukombe mbegu kwa kijiko. Muscat au Dubai, yale matango madogo yenye ganda laini ni mazuri sana, na matatu au manne yanatosha mahali pa moja.

Sasa siagi, maana hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Waliokulia Blue Band huita siagi kila kitu kinachopakwa kwenye mkate. Siagi halisi ya maziwa ina mafuta yasiyopungua asilimia 80 na maji yasiyozidi 16. Vile vya kwenye kopo la plastiki vinavyosifiwa kuwa vyepesi, vingine havifiki asilimia 40 ya mafuta, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Ukivipaka, umeulowesha mkate kabla tango halijafika. Kazi ya siagi hapa ni ileile ya nta kwenye turubai: maji yakutane na mafuta yakwame. Wasiotumia maziwa wanunue siagi ya mimea iliyofungwa kama kipande kigumu, maana mafuta yake ni mengi kuliko ya ile laini ya kopo.

Itoe siagi kwenye friji saa moja au mbili kabla. Jikoni kwenye baridi ya Januari inaweza kukaa nusu siku na bado ikawa ngumu. Ikate vipande vidogo, iweke karibu na radieta, uikoroge kwa kijiko cha mti mpaka iwe laini kama losheni nzito. Usiitie kwenye maikrowevu ikayeyuka. Siagi iliyoyeyuka huzama ndani ya mkate na haiachi utando wowote juu, na utando ndio unaoutaka.

Tango lioshe, limenye lote au acha mistari ya ganda, kisha likate duara nyembamba za milimita 2. Kipimo rahisi ni hiki: weka duara moja juu ya maandishi, ukiweza kuona kivuli cha herufi umefika. Nyembamba kuliko hapo zitalegea kama karatasi iliyolowa zikishaguswa na chumvi. Nene kuliko hapo zitateleza na kuufungua mkate. Zitandaze kwenye chujio, nyunyiza chumvi na siki, changanya kwa vidole, ziache dakika 20 hadi 30 juu ya bakuli. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya tango, na utaona vijiko kadhaa vya maji vimekusanyika chini. Usizisuuze, maana utarudisha maji uliyohangaika kuyatoa. Onja moja. Ikiwa chumvi imezidi, zipanguse vizuri zaidi na punguza safari ijayo. Kisha zipange juu ya kitambaa safi cha jikoni, funika kwa kingine, kandamiza kwa viganja. Kitambaa kikilowa badilisha. Duara iliyo tayari hukunjika bila kuvunjika na haiachi tone ukiishika.

Hapa mkono wa mtu wa pwani utaenda wenyewe kwenye kitunguu, pilipili mbuzi na ndimu. Uzuie. Hiyo itakuwa kachumbari, na kachumbari ndani ya mkate mweupe ina dakika kumi za uhai. Ukitaka harufu, majani machache ya nanaa yaliyokatwa laini sana na kuchanganywa kwenye siagi yanatosha.

Mkate uwe wa jana. Uliotoka tanuri leo hujikunja chini ya kisu cha siagi na kuchanika. Toa slesi mbilimbili kwa mpangilio uleule zilivyokuwa ndani ya mfuko, uzifungue kama kurasa za kitabu, maana hizo mbili ndizo zinazolingana umbo. Paka siagi pande zote mbili za ndani, mpaka ukingoni kabisa. Sehemu moja iliyorukwa, hata ya ukubwa wa sarafu, ndipo maji yatakapopenyea. Panga matango yakipandana kama magamba ya samaki, tabaka mbili, nyunyiza pilipili manga, funika, bonyeza kidogo kwa kiganja kilichofunguka.

Kingo hukatwa mwisho, sandwichi ikiwa imeshafungwa. Ukizikata mwanzo, siagi na tango havitafika ukingoni na vidole vitakuwa na midomo mitupu. Tumia kisu cha mkate chenye meno, kwa mwendo wa msumeno, bila kukandamiza. Pangusa kisu kila baada ya sandwichi. Kata kingo nne, kisha gawa vipande vitatu sawa, kila kimoja karibu sentimita 3 kwa 10. Kama matango yanatoka nje yakifuata kisu, ama kisu ni butu, ama siagi ilikuwa baridi ikashindwa kuyashika. Ziweke sandwichi kwenye friji dakika 15 kabla ya kuendelea kukata.

Zisitengenezwe usiku wa kuamkia shughuli. Saa mbili kabla ndiyo kikomo kizuri. Mkate uliokatwa hukauka na kupinda juu kwa muda mfupi, hasa ndani ya friji, kwa hiyo vifunike kwa karatasi ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa sana, kisha plastiki juu yake. Ukisafiri kwa basi au treni, beba sandwichi nzima zikiwa na kingo zake, zisizidi tatu kwa kupandana, pamoja na kisu kilichofungwa vizuri, ukakatie hukohuko.

Kwa shughuli ya shule au kazini, weka kikaratasi: ngano, maziwa, na soya kama mfuko wa mkate umeitaja. Kwa wanaofuata halali, angalia E471 kwenye mkate, kwani hutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya mnyama. Alama inayosema unawafaa wasiokula nyama inaondoa wasiwasi huo.

Kwenye lile sinia la ghorofa tatu vidole hukaa chini, skoni katikati, keki juu, na watu hula kuanzia chini kwenda juu. Chai humiminwa bila maziwa na kila mtu hujitilia yake. Majani yenyewe huenda yametoka Kericho. Ukileta na sambusa hakuna atakayelalamika, ila zikae sahani ya peke yake, maana joto na mafuta yake vitalegeza mkate wa jirani.

Kingo za slesi 16 usizitupe. Zikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa dakika 20 hadi 30, zisage, na tayari una chenga za kupakia katlesi za wiki nzima.