Rodízio Nyumbani: Kuchoma Nyama Kibrazili kwa Sherehe ya Mahafali

Kwenye rodízio nyama haipangwi kwenye bufee. Mchomaji huzunguka mezani na mshikaki mmoja baada ya mwingine, anamkatia kila mgeni papo hapo mpaka atosheke. Uchomaji huu umetoka kwa wachunga ng'ombe wa Rio Grande do Sul, kusini mwa Brazili. Mimi huchoma kwenye sherehe hapa Kampala, na napenda mtindo huu kwa sababu kila mtu anakula nyama ikiwa ya moto. Kwenye foleni zetu, wa mwisho hupata muchomo uliokwisha kukakamaa, na mara nyingi huyo ni mama aliyekuwa akihudumia wenzake.

Hatua ya 1: Bucha. Nyama yenyewe ni picanha, kipande cha pembetatu juu ya tako la ng'ombe, karibu na mkia, chenye tabaka la mafuta upande mmoja. Wahi asubuhi kabla shoka halijapita hapo, uombe kitolewe kizima, mafuta yasiguswe. Kikizidi kilo 1.5, ujue kimebeba na nyama ngumu ya jirani. Ng'ombe wa Ankole hana mafuta mengi, basi hata tabaka jembamba lilinde. Ongeza kuku na soseji. Kwa jumla piga hesabu ya nusu kilo ya nyama mbichi kwa mtu mzima. Kama kuna nguruwe na wageni Waislamu wapo, moto, mishikaki na visu viwe mbali kabisa.

Hatua ya 2: Kutunga. Kata vipande vya upana wa vidole vitatu, kisu kikifuata nyuzi za nyama. Kunja kila kipande kama upinde, mafuta yakiwa nje, kisha tunga kwenye chuma. Paka chumvi ya chembe kubwa unapokaribia kuweka motoni. Viungo vingine acha, nakusihi.

Hatua ya 3: Moto. Sigiri haitoshi, tumia pipa lililopasuliwa. Subiri makaa yavae majivu. Mafuta yakidondoka na kuwasha ndimi za moto, inua mshikaki, usimwage maji, majivu yatarukia nyama.

Hatua ya 4: Mezani. Hapa ndipo penye kazi. Simamisha ncha ya mshikaki kwenye sahani, kata ukishuka, vipande vyembamba, mgeni akishika kwa kibanio. Unakata ile sehemu ya nje iliyoiva tu. Ukiona wekundu, acha, paka chumvi kidogo, rudisha motoni, na baada ya dakika chache kuna tabaka jingine lililoiva. Ndiyo maana hata mzee asiyetaka kuona damu hula picanha kwa raha. Anza na kuku na soseji, lakini kidogo. Picanha iwakute bado wana njaa.

Kila mgeni mpe kadi ya duara, kijani upande mmoja, nyekundu upande wa pili. Kijani, leta, nyekundu, pita.

Hatua ya 5: Vya pembeni. Kachumbari yenye siki, wali, gonja (ndizi kubwa tamu) la kukaanga. Matoke yaje mwishoni, yakija mapema watu watashiba kabla ya nyama.

Kadi nyingi zikigeuka nyekundu, tunga nanasi zima lililomenywa, linyunyizie sukari na mdalasini, lichome mpaka sukari iwe kahawia, ulikate vilevile mezani.