Kuanzia chuo cha jamii, kumalizia Berkeley: njia ya kuhama California, hatua kwa hatua

Somo moja la hesabu lilinila mwaka mzima. Nilikuwa nimefika California kutoka Tanga, usiku nalea wazee, mchana nasoma chuo cha jamii, au komyuniti koleji kama tunavyosema sisi wa huku, yaani chuo cha umma cha miaka miwili ya mwanzo. Nilitaka kuhamia Berkeley, moja ya kampasi za chuo kikuu cha umma cha University of California, nikasome kemia. Mshauri aliyenipokea alinipangia kalkulasi ya watu wa biashara, akaniambia yuniti zake, yaani vipimo vya uzito wa somo, zinapokelewa na kampasi zote za University of California. Alisema kweli, zilipokelewa. Lakini fani ya kemia ilidai kalkulasi ya watu wa sayansi, mihula miwili mfululizo, na ile yangu haikuziba nafasi hata moja. Nikaanza upya.

Yuniti kupokelewa ni jambo moja, somo kuziba nafasi inayodaiwa na fani yako ni jambo jingine. Nimeona vijana wetu wengi wakikwama hapo, tena vijana wenye akili na bidii, kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza tofauti hiyo mapema. Sasa kila Jumamosi nakaa nao na kompyuta yangu, na haya ndiyo ninayowaeleza.

Kwanza ondoa aibu. Njia hii si mlango wa nyuma. Mpango mkuu wa elimu ya juu wa California wa mwaka 1960 ulivipa vyuo vya jamii kazi hiyo: mtu aanzie pale, akamalizie chuo kikuu. Leo viko 116, na kuingia hakuhitaji mtihani wa ushindani. Katika wanaohamia University of California kutoka vyuo vingine, zaidi ya tisa kati ya kumi wametoka vyuo vya jamii vya jimbo hili. Mkaazi wa California hulipa dola 46 kwa yuniti. Yuniti 60 zinazotakiwa ili uhame ni dola 2,760, na huko chuo kikuu fedha hiyo haitoshi hata muhula mmoja. Cheti utakachopewa mwishoni ni cha Berkeley, sawasawa na cha aliyeingia pale akitokea sekondari.

Hatua ya 1: Chagua unakokwenda kabla ya kujiandikisha unakoanzia

Wengi huanza masomo, fani watafikiria baadaye. Kwa anayetaka kuhama, huo ni mpango wa miaka mitatu au minne. Amua fani, au angalau mbili zilizo karibu, kisha chagua kampasi mbili au tatu. Usiing'ang'anie moja.

Sababu ni kalenda. Watu husema "miaka miwili", lakini piga hesabu. Ukianza Agosti 2026 na kutaka kuhama Agosti 2028, maombi unayatuma kati ya tarehe 1 Oktoba na 30 Novemba 2027. Siku hiyo una alama za mwaka mmoja tu mkononi, pamoja na za likizo ya kiangazi kama ulisoma. Mihula miwili ya kwanza ndiyo itakayokusemea. Na vyuo vidogo vingi hufungua sehemu ya kwanza ya kemia ya kikaboni mara moja tu kwa mwaka. Ukiikosa Agosti, unaisubiri Agosti ijayo.

Hatua ya 2: Isome ASSIST mwenyewe, mstari kwa mstari

Hii ndiyo hatua yenyewe. ASSIST.org ni tovuti ya bure yenye hati za mapatano kati ya vyuo vya jamii na vyuo vikuu vya umma vya California. Humo imeandikwa ni somo lipi la chuo chako linahesabiwa badala ya somo lipi la kule. Chagua mwaka wa masomo, chuo chako, kampasi unayoitaka, kisha fani. Usiishie kwenye orodha ya masomo yanayopokelewa tu. Orodha hiyo ndiyo iliyonipoteza mimi. Fungua hati ya fani yako.

Utaona safu mbili. Kushoto ni masomo ya chuo kikuu, kulia ni ya chuo chako. Soma kutoka kushoto: kila mstari wa kushoto ni nafasi inayotakiwa kuzibwa, na kulia ni cha kuizibia.

Nakumbuka kijana mmoja aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ambaye familia yake ililetwa San Diego. Alikuja na mama yake, mzaliwa wa Uvira. Mama hakungoja nikae. "Dada, huyu mutoto ataingia ile universite kubwa lini?" Nikamwambia, mama, tutazame kwanza hapa. Tukafungua hati yake ya uhandisi. Kijana akaweka kidole kwenye mstari wa fizikia, akasema, "Shangazi, hili nimemaliza, nina A." Kulia palikuwa na masomo mawili, na katikati yake neno dogo la Kiingereza, "And". Yeye alikuwa amesoma la kwanza tu. Hilo neno lina maana kwamba yote mawili kwa pamoja ndiyo yanaziba ile nafasi moja ya kushoto. Ukisoma moja, kwa upande wa fani ni kama hujasoma kitu. Kama lingekuwa "Or", moja lingetosha. Alikuwa na muhula mmoja mbele yake wa kulisoma la pili, akalisoma.

Kwenye hati hiyohiyo palikuwa na mstari ambao kulia yake palikuwa na maneno yanayosema kwamba hakuna somo lililolinganishwa. Hapo wengi hukata tamaa. Maana yake ni kwamba chuo chako hakifundishi somo hilo, au halijakubaliwa. Rudi ASSIST, badilisha jina la chuo, tazama vyuo vya jirani. Ukilipata, jiandikishe huko kwa somo hilo moja huku ukiendelea na chuo chako. Inaruhusiwa na ni kawaida kabisa. Lakini masomo ya mfululizo, kama kalkulasi au kemia, jitahidi uyaanzie na kuyamalizia chuo kimoja, kwa maana kila chuo kinakata mada kwa namna yake, na nusu ya hapa na nusu ya pale zinaweza zisiungane.

Hifadhi nakala ya hati ya mwaka unaosoma kila somo. Mapatano hubadilika, na yanayokuhusu ni yale yaliyokuwepo ulipolisoma. Weka pia silabasi ya kila somo kwenye faili moja.

Ukishamaliza hayo ndipo uende kwa mshauri, na hati mkononi. Usimuulize, "Nisome nini?" Mwambie, "Nataka kuziba nafasi hizi nane kufikia Mei ya mwaka wa pili, nizipange vipi?" Washauri wengi ni watu wema wenye foleni ndefu mlangoni. Swali la namna hiyo wanalijibu vizuri sana.

Hatua ya 3: Masharti ya jumla

Kwa University of California unahitaji yuniti 60 za mfumo wa mihula ya nusu mwaka, au 90 za mfumo wa robo. Ndani yake yawemo masomo saba ya lazima: mawili ya uandishi wa Kiingereza, moja la hesabu, na manne kutoka nyanja nyingine zisizopungua mbili. Kila moja upate C au zaidi. C yenye alama ya kutoa haikubaliwi.

Kuna pia furushi la masomo ya jumla liitwalo Cal-GETC, masomo 11 yenye yuniti 34, lililoanza kutumika mwaka 2025. Kwa fani za sanaa na sayansi ya jamii linakusaidia sana. Kwa uhandisi na kemia pale Berkeley, weka masomo ya fani mbele, furushi lisikumalizie muda. Nimewaona watu wamelikamilisha lote, kalkulasi ya pili bado.

GPA, yaani wastani wa alama zako, ya chini kwa mkaazi ni 2.4, na kwa asiye mkaazi 2.8. Hizo zinakuruhusu kuomba tu. Berkeley na UCLA, kampasi ya Los Angeles, wengi wanaopokelewa wako juu ya 3.5, na fani zenye msongamano, kama sayansi ya kompyuta, hupanda zaidi.

Hatua ya 4: Usifiche ulikosoma zamani

Kama ulisoma muhula mmoja chuo fulani Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ukaacha, lazima ukitaje, hata kama alama zilikuwa mbaya, hata kama huzihitaji. Fomu inataka kila chuo ulichopita baada ya sekondari, na kuficha kunaweza kukufutia nafasi ukiwa umeshapokelewa. Anza kuomba transkripti, yaani rekodi rasmi ya alama zako, mwaka wa kwanza. Wanaojua jinsi ofisi za kwetu zinavyokwenda wananielewa.

Na Kiswahili chako ni mali. Baadhi ya fani hudai lugha ya kigeni. Uliza kampasi unayoitaka jinsi ya kuthibitisha Kiswahili ulichosomea. Berkeley na UCLA zote hukifundisha, kwa hiyo wa kukupima wapo.

Hatua ya 5: Ukaazi na fedha

Kuhesabiwa mkaazi, kwa kawaida unatakiwa uwe umeishi California zaidi ya mwaka mmoja kabla ya muhula kuanza, na uonyeshe nia ya kubaki: leseni ya udereva, kodi ya mapato, mkataba wa nyumba. Wakimbizi waliofikia California moja kwa moja waulizie msamaha wao ofisi ya udahili, wasilipe ada ya mgeni kabla ya kuuliza.

Raia na wenye green card wajaze FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa fedha za masomo. Wasio na karatasi lakini waliosoma shule za California waulize kuhusu AB 540, sheria inayowaruhusu kulipa ada ya mkaazi, na fomu ya CADAA, ombi la msaada wa fedha wa jimbo. Tarehe ya kushika ni 2 Machi. Kwenye chuo cha jamii chenyewe omba California College Promise Grant. Ukiwa na kipato cha chini, hata zile dola 46 zinaondolewa.

Mwenye viza ya F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni, njia yake ni nyembamba zaidi, na ni haki aelezwe ukweli mapema. Anatakiwa yuniti 12 kila muhula, na katika hizo ni somo moja tu la mtandaoni linaloweza kuhesabiwa. Analipa ada ya asiye mkaazi, na akihamia University of California kuna nyongeza ya zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida, bila msaada wa serikali. Familia ikae chini ipige hesabu ya miaka yote minne kabla ya safari.

Hatua ya 6: Maombi

Kampasi sita zina mpango wa TAG, yaani ahadi ya nafasi kwa atakayetimiza masharti yake: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Unachagua moja tu, na fomu inatumwa ndani ya Septemba. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo. Ushauri wangu kwa kila mtu ni huu: chukua TAG kwenye kampasi moja, kisha omba Berkeley na UCLA bila hofu, kwa maana nyuma yako pana pa kuegemea. Angalia tu fani yako imo, kwa sababu baadhi ya fani zimeondolewa kwenye TAG.

Fomu kuu ni moja kwa kampasi zote, dola 80 kwa kila kampasi kwa waliosoma na kuishi hapa, na wenye kipato kidogo husamehewa hadi kampasi nne. Kuna maswali manne ya kujieleza, kila jibu lisizidi maneno 350. Moja ni la lazima: umejiandaaje kwa fani yako? Hapo vijana wetu huandika habari za shida tupu. Shida ina mahali pake kwenye maswali yale matatu ya kuchagua. Hili la lazima taja masomo, maabara, kazi uliyofanya, kitabu kilichokusumbua mpaka ukakielewa. Yule kijana wa Nyarugusu aliandika jinsi alivyotengeneza pampu ya maji ya jirani kwa kile alichojifunza kwenye fizikia, ile ya pili aliyokuwa ameiruka. Nililisoma jibu lake mara tatu kwa furaha.

Hatua ya 7: Baada ya kutuma

Januari utaombwa kujaza alama za muhula uliokwisha na masomo ya muhula unaoendelea. Jaza, hata kama hakuna kilichobadilika. Ukiacha somo au ukipata alama mbaya, waambie mara moja kupitia mfumo wao. Usingoje waligundue.

Majibu ya wanaohama hutoka kati ya Machi na mwisho wa Aprili. Kukubali nafasi ni kufikia tarehe 1 Juni, na transkripti za mwisho za kila chuo zitumwe kufikia tarehe 1 Julai, zikiwemo za kile chuo cha jirani ulichosoma somo moja tu. Hiyo ndiyo husahaulika kuliko zote. Mwenye F-1 aombe rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ihamishwe mapema, asisafiri nje ya nchi kabla hajapata I-20 mpya, hati ya chuo inayotegemewa na viza yake.

Siku ya kwanza ya kuonana na mshauri wa idara, nenda na lile faili la silabasi. Kama kuna somo halijahesabiwa, toa silabasi yake, mwekee mezani, mwombe aitazame.