Talaka Tanzania: Anzia Barazani, Ndipo Uende Mahakamani

Mwanandoa anayetaka talaka Tanzania asikimbilie mahakamani kwanza. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinazuia mtu kufungua shauri la talaka kabla ya mgogoro kupelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza hilo kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Shauri lililoruka hatua hii huweza kuondolewa mahakamani, na hata hukumu ikishapatikana huweza kubatilishwa kwenye rufaa, mtu akaanza upya baada ya miaka ya kuhudhuria mahakamani. Jambo hili linaniuma, kwa sababu anayeumia zaidi huwa ni yule asiye na fedha za kuanza mara ya pili.

Mabaraza hayo yapo katika kata, na jumuiya za dini nazo zina mabaraza yanayotambuliwa kisheria, kama yale ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) kwa Waislamu. Ukifika, eleza mgogoro wenyewe kwa mpangilio: ulianza lini, nini kilitendeka, nani alishuhudia, na ndugu au viongozi wa dini walijaribu vipi kuwasuluhisha. Baraza humwita mwenzi wa pili, huwasikiliza wote wawili, na likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ambayo wengi huiita Fomu Namba 3. Isome hati hiyo kabla ya kuondoka. Ni lazima ionyeshe kwamba baraza limesikiliza na limeshindwa kusuluhisha, kwani barua inayosema tu kwamba wahusika wanapelekwa mahakamani haitoshi. Angalia tarehe pia: shauri la talaka linapofunguliwa, hati hiyo isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita iliyopita.

Sheria inatambua kwamba wapo ambao njia hii haiwezekani kwao. Aliyetelekezwa na hajui mwenzi wake yuko wapi, ambaye mwenzi wake anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurejea ndani ya miezi sita, na ambaye mwenzi wake aliitwa barazani akakataa kwa makusudi kuhudhuria, wote wanaweza kwenda mahakamani moja kwa moja, mradi waeleze na kuthibitisha sababu hiyo. Mahakama ikiridhika kwamba kuna mazingira yasiyo ya kawaida, inaweza pia kuruhusu hatua ya baraza irukwe. Anayepigwa asisubiri tarehe ya baraza ndipo atafute usalama. Aende kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, achukue PF3, yaani fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, atibiwe, na atunze nakala zake, maana hizo hizo zitakuwa ushahidi baadaye.

Ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haifunguliwi shauri la talaka bila ruhusa ya mahakama, na ruhusa hiyo hutolewa pale tu mwombaji anapoonyesha kwamba anapata mateso yasiyo ya kawaida.

Mahakamani, iwe ya Mwanzo, ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, swali kubwa huwa ni moja: je, ndoa hii imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Kifungu cha 107 kinataja mambo yanayoweza kuthibitisha hilo, yakiwemo uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka mitatu, na kutengana kwa hiari kwa muda kama huo. Kwa ndoa ya Kiislamu, talaka iliyotamkwa baada ya baraza kutoa hati yake huifanya mahakama itamke kwamba ndoa imevunjika. Iliyotamkwa nyumbani kabla ya hapo haimwondolei mtu wajibu wa kufuata utaratibu huu.

Kuhusu mali, nashauri maandalizi yaanze mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, ikizingatia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto, kisha ielekee kwenye usawa. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikubali mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabika. Hata hivyo, mchango huthibitishwa, haudhaniwi. Kusanya stakabadhi za vifaa vya ujenzi, mikataba ya kununua kiwanja na kumbukumbu za mikopo, na wataje mashahidi waliokuona ukisimamia mafundi. Nyumba ya ndoa nayo haiuzwi wala kuwekwa rehani na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwingine. Ukisikia fununu za kuuzwa, omba zuio la mahakama haraka.

Malezi ya mtoto si tuzo ya aliyeshinda shauri. Mahakama hutanguliza ustawi wa mtoto, ikisikiliza matakwa ya wazazi na ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kutoa maoni yake. Ipo dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama, lakini dhana hiyo hupinduliwa kwa ushahidi. Kwa hiyo usijaze maelezo yako matusi dhidi ya mwenzio. Eleza nani humpeleka mtoto shule na hospitali, analala wapi, na atasumbuka kiasi gani akihamishwa. Omba katika shauri hilo hilo matunzo na ratiba ya mzazi mwingine kumwona mtoto. Baba hana ruhusa ya kuacha kutoa matunzo kwa sababu tu mtoto anaishi na mama yake.

Asiyemudu wakili anaweza kupata huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msaidizi wa kisheria atakuelimisha, atakushauri na kukuelekeza pa kwenda, lakini hatakuwakilisha mahakamani; kwa hiyo mwendee mapema, mkononi ukiwa na cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati ya baraza.