Kuchagua koti la kukukaa vyema baada ya miaka hamsini

Mtu anapovuka miaka hamsini, koti lililompendeza siku ya harusi yake huanza kumkataa, wala si kwa sababu ya kitambi peke yake. Mabega huelekea mbele, mgongo wa juu hujipinda kidogo, kimo nacho hupungua, hivyo koti hupanda nyuma na kola yake huachana na shingo. Kioo cha mbele hakionyeshi hayo. Mwombe mwenzako akupige picha ya simu kwa ubavu.

Anza na mabega. Katika mitumba ya hapa Tabora, muuzaji hukuhakikishia kuwa fundi atapunguza, na ni kweli kwa kiuno na kwa urefu wa mikono, lakini kupunguza bega ni kufumua mikono yote miwili, kazi ambayo ujira wake waweza kuzidi bei ya koti lenyewe. Mshono wa bega uishie pale mfupa wako unapoishia. Egemea ukuta kwa ubavu: sponji ya bega ikikunjika kabla bega lako halijagusa ukuta, lirudishe koti kwenye kamba.

Kisha funga kifungo, ukae kwenye kiti. Mikunjo ikitoka kwenye kifungo na kutawanyika kama herufi X, kiuno kinabana. Geuza koti ndani nje, upapase mshono wa kati wa mgongoni. Ukikuta akiba ya kitambaa ya sentimita mbili kila upande, fundi ataachia, ingawa kwenye koti lililopauka alama ya mshono wa zamani hubaki ikionekana. Wanaume wengi hukimbilia koti pana ili kuficha tumbo, nami naliona hilo kuwa kosa, kwa maana koti pana humfanya mwenye tumbo aonekane mnene hata mabegani.

Kwa akina mama wanaovaa koti juu ya gauni la kitenge, kifua na mkono wa juu ndivyo vya kutazamwa kwanza. Pindo lisiishie palipo na unene mkubwa wa nyonga. Liishie juu yake kidogo au lipite chini.

Kitambaa kifuate mahali. Tabora iko kwenye uwanda wa takriban mita 1,200, na asubuhi za Juni huhitaji koti zito kiasi. Kigoma, kando ya ziwa, kuna joto la unyevu, na huko sufu nyepesi yenye bitana nusu hupitisha hewa kuliko poliesta. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja ndani ya mshono uuchome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu, ilhali poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Rangi itazame nje, kwenye kivuli cha mwembe, si chini ya taa ya dukani. Karibu na uso wenye mvi, nyeusi tupu huonyesha uchovu. Buluu iliyokolea, kijivu au damu ya mzee hupendeza zaidi.

Koti likiwa jipya, kata uzi uliofunga mpasuo wa nyuma na uondoe lebo ya kwenye mkono, ambayo baadhi ya wazee wenzangu huiacha kama nishani.