Namna ya kuijua hip hop ya jiji usilolifahamu: anza na Dakar

Ukiandika "hip hop ya Afrika" kwenye YouTube utaletewa afrobeats ya Lagos, amapiano, na wachanaji wachache waliokwisha kuvuma Ulaya. Wasikilizaji wa Dar es Salaam wanalijua tatizo hili: mgeni anatafuta hip hop ya Tanzania, anaishia kwenye Bongo Fleva ya kuimba, anaondoka bila kuwasikia Kwanza Unit wala Hard Blasters. Kwa hiyo usitafute bara wala nchi. Chagua jiji moja, kaa nalo wiki tatu au nne, na ufuate watu: nani alikuwa kundi gani, nani alimjibu nani. Dakar inafaa kuanzia kwa sababu wachanaji wake wa zamani bado wanasikika, na ukimshika mmoja anakupeleka kwa mwingine.

Tayarisha simu kwanza. Fungua YouTube katika dirisha la faragha bila kuingia kwenye akaunti yako, kisha kwenye mipangilio weka mahali pawe Senegal. Ukiruka hatua hii, mapendekezo yatafuata mazoea yako ya zamani na baada ya nyimbo tatu utajikuta nyumbani. Kama bando ni dogo, shusha video hadi 144p, au sikiliza sauti pekee: kwa kbps 96, saa moja hula takriban MB 43.

Neno la kutafutia ni "rap galsen", ndivyo vijana wa huko wanavyoiita Senegal. Hapa tahajia huwaangusha wengi. Kiwolofu, lugha inayozungumzwa zaidi Senegal, kina maandishi rasmi, lakini watu wengi hukiandika kwa mazoea ya Kifaransa, hivyo jina moja huwa na sura mbili. "Ou" ni u, "dj" ni j, na "th" mara nyingi ni ch: mji wa Thiès hutamkwa karibu na "Ches". Herufi x ni kh ya "kheri". Ukikosa kitu kwa tahajia moja, jaribu ya pili kabla ya kukata tamaa.

Mlango mzuri kuliko yote ni Journal Rappé, taarifa ya habari inayochanwa, iliyoanza 2013. Xuman anachana habari kwa Kifaransa, Keyti kwa Kiwolofu. Chagua toleo moja. Lisikilize mara ya kwanza bila kusoma chochote, ukifuata pumzi na mapigo tu. Mara ya pili soma kichwa cha habari na utafute ilikuwa habari gani. Mara ya tatu msikilize Keyti peke yake, uandike maneno yanayojirudia. Usitegemee manukuu ya kujiandika yenyewe. Kwenye Kiwolofu hutoa takataka, na mchanaji anapoingiza Kifaransa katikati ya mstari mambo huharibika zaidi. Ukikwama, uliza kwenye maoni kwa Kifaransa chepesi, ukitaja dakika na sekunde ya mstari unaoutaka.

Sasa rudi nyuma kwa kuwafuata hao wawili. Xuman anakupeleka kwenye kundi lake la Pee Froiss. Keyti anakupeleka kwenye lake, Rap'Adio, na albamu yao ya 1998, Ku Weet Xam Sa Bop. Kabla ya kuisikiliza, pitia kwanza Positive Black Soul (PBS), kundi lililoundwa 1989 na Didier Awadi na Duggy Tee, waliokuwa mahasimu katika makundi tofauti. Kaseti yao Boul Falé ilitoka 1994. Ziweke kazi hizo mbili pamoja, saa moja moja: PBS wanachanganya Kifaransa, Kiwolofu na Kiingereza, Rap'Adio wameng'ang'ania Kiwolofu, biti ni nzito na kavu, na hasira haiwaendei wanasiasa tu, inawaendea hata wachanaji wenzao. Ugomvi huo ndio moyo wa hip hop ya Dakar. Asiyeupitia atasikia nyimbo nzuri tu.

Toka katikati ya jiji. Mchanaji Matador alitoka Wa BMG 44, kundi la Thiaroye, pembezoni mwa Dakar. Hiyo 44 inakumbusha mauaji ya askari wa Kiafrika kambini hapo mwaka 1944. Baadaye alianzisha Africulturban, kituo cha utamaduni wa hip hop, kule Pikine, mwaka 2006. Tafuta pia ALIF na Sister Fa, kwa sababu orodha nyingi za "magwiji" huwaacha wanawake nje. Kisha nenda mji wa Kaolack kwa kundi la Keur Gui: wachanaji wake Thiat na Kilifeu walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa vuguvugu la vijana la Y'en a Marre, Januari 2011, pamoja na waandishi wa habari.

Pembeni ya kila wimbo andika mwaka, na uulinganishe na mitatu hii: 1988, uchaguzi wenye ghasia; 2000, Rais Abdou Diouf anashindwa na Abdoulaye Wade; 2012, Wade naye anaangushwa. Mistari mingi isiyoeleweka hufunguka hapo. Lakini usiuchukue mwaka unaoonyeshwa na programu za kusikilizia muziki: kazi za enzi ya kaseti mara nyingi hubeba tarehe ya kupakiwa upya. Hakikisha kwenye Discogs, tovuti ya kumbukumbu za albamu, na hapohapo soma jina la prodyuza, maana ndiye atakayekuunganisha na makundi usiyoyajua. Idadi ya watazamaji nayo hupotosha. Wimbo wa 1998 hauwezi kushindana na video ya mwaka jana.

Jiji la pili lichague kwa kufuata kolabo. Mchanaji MC Solaar alizaliwa Dakar 1969 na kukulia Ufaransa, hivyo Paris ni hatua ya karibu. Ukitaka kwenda mbali, badilisha neno la kutafutia kwanza: "Deutschrap" kwa Ujerumani, "rap tounsi" kwa Tunisia, na kwa mitindo huru ya Brazil andika "batalha de rima" pamoja na jina la jiji.